Boti ya Upepo Iliyobeba Mkasi wa Diwani

Niliaibika, sikatai, na niliaibika mchana kweupe, mbele ya diwani, mbele ya mkwe wangu, mbele ya ng'ombe wa kata nzima na mbele ya mke wangu ambaye wakati huo alikuwa hakai kwangu. Mpaka leo wako watu wakinikuta sokoni wananyoosha mikono mbele, wanachezesha vidole gumba, halafu wanajilaza ubavu taratibu na macho wameyafumba. Wanacheka, na mimi nacheka nao, nikifika nyumbani nakasirika. Sikasiriki kwa kuchekwa, nakasirika kwa sababu wanavyolieleza jambo lenyewe sivyo lilivyokuwa, wanalieleza kana kwamba siku ile alikuwepo mjinga mmoja tu. Tulikuwa zaidi ya mmoja. Mimi nilikuwa wa kwanza, nakubali, lakini sikuwa peke yangu, na ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe, nikijitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata Mwenyekiti.

Mimi ni fundi redio. Nimesoma mpaka darasa la saba, na ufundi nilijifunza kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga, kisha kuvifungua tena. Kijiji chetu kiko chini ya Mlima Hanang, upande wa wafugaji, ingawa mimi kwetu ni juu, Mbulu. Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, watu wengine bado wanaandika Arusha kwenye barua, na vitu vya ajabu vilikuwa vimeanza kutufikia, betri za Kichina, redio zenye taa, simu ambazo ukitaka kuongea nazo unapanda kilimani.

Basi kulikuwa na mzungu mmoja kule Haydom aliyekuja kujitolea. Nilimtengenezea redio yake na jenereta, kazi ya wiki mbili, na tulipatana kwamba akiondoka ataniachia baiskeli. Siku ya kuondoka nikakuta baiskeli imeshachukuliwa na mtu mwingine (sisemi alinidhulumu, mtu anayefunga mizigo husahau mengi), akanipa sanduku refu akisema hiki ni kizuri zaidi kwa fundi. Ndani kulikuwa na boti. Si boti ya kupanda mtu, boti ndogo, urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kidoleni, ina mlingoti wa vipande viwili, matanga mawili meupe, kamba nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, na rimoti yenye vijiti viwili. Kijiti kimoja kinageuza usukani, kingine kinavuta matanga au kuyalegeza. Haina injini ya kuisukuma, kinachoisukuma ni upepo tu, wewe unasimama ukingoni unaiongoza kwa redio. Nilipoelewa hivyo sikulala vizuri kwa furaha.

Mke wangu, Paskalina, alilizunguka lile sanduku mara mbili.

"Baba Debora, hiki kinabeba nini?"

"Hakibebi. Kinakwenda kwa upepo."

"Kinakwenda wapi?"

Hapo sikuwa na jibu. Alisubiri wiki nzima nipate jibu, sikupata, akamchukua mtoto wetu Debora akapanda basi kwenda kwao Mbulu. Nilikasirika sana wakati ule, lakini nikimpa haki yake, yeye alikuwa amekaa wiki mbili akingojea baiskeli ya kubebea maji, na nilimletea kitu kinachohitaji maji.

Habari za boti zikamfikia Mwenyekiti wa kijiji. Wakati huo tulikuwa tunamaliza lambo la kunyweshea mifugo, lambo ambalo tulichimba kwa mikono na kwa maksai misimu miwili, na diwani alikuwa anakuja kulizindua kwa kukata utepe. Mwenyekiti alikuja kibandani kwangu akakaa juu ya kigoda cha wateja.

"Fundi, nimefikiria. Mkasi wa kukatia utepe usiletwe kwenye sinia kama vijiji vingine. Utoke ng'ambo ya lambo, uje wenyewe juu ya maji, mpaka kwenye mkono wa diwani. Wataongea mpaka Babati. Unaweza?"

"Naweza," nikasema. (Neno hilo ni langu, simsukumii mtu.) "Ila nitahitaji kujaribu kwanza lamboni."

"Lambo haliguswi. Wafugaji tumewakatalia, Gidamis na ng'ombe wake wanaenda nusu siku kutafuta maji, halafu nikuruhusu wewe na mdoli wako? Hakuna kitu kitagusa maji yale kabla ya mgeni rasmi."

Naomba msomaji akumbuke maneno hayo.

Siku tatu baadaye mkwe wangu, Mzee Akonaay, akanitumia ujumbe kwa kondakta wa basi. Alikuwa amesikia. Alisema atakuja siku ya uzinduzi pamoja na Paskalina, anataka aione hiyo boti ikifanya kazi ya mtu mzima mbele ya watu wazima. Ikifanya, binti atabaki kwangu siku hiyo hiyo na yeye hatasema neno. Isipofanya, itabidi wazee wa pande zote mbili wakae kikao. Mtu ambaye hajawahi kukaliwa kikao na wakwe wa Mbulu hawezi kuelewa. Ukoo mzima unaletwa, unakaa kwenye benchi, na kila mmoja ana kumbukumbu nzuri.

Nikaanza kuiandaa boti. Kitabu chake kilikuwa cha lugha nisiyoijua, lakini kilikuwa na picha, na picha nilizifuata kwa uaminifu isipokuwa mahali pawili. Nitasema ni wapi.

Mahali pa kwanza ni chini ya tumbo la boti. Pale kuna tundu refu, na kwenye tundu unachomeka ubao mwembamba unaoning'inia chini kama ulimi, na mwisho wa ulimi kuna donge la risasi, zito. Nilichomeka. Nikajaza maji kwenye nusu pipa langu la kunyweshea ndama, lile lililopasuliwa kwa urefu, nikaiweka boti, na ule ulimi ukagusa chini. Boti ikasimama juu ya donge lake kama kuku aliyepanda mawe, haielei, imeegemea tu ukingo wa pipa. Nikifikiria sasa, mtu mwenye akili angesema pipa halina kina. Mimi nilisema ulimi umezidi.

Halafu nikafikiria kuhusu mkasi. Mkasi ulikuwa wa Mama Ester, fundi cherehani, mkasi wa chuma hasa, wa kukatia makoti, na ndio peke yake kijijini uliofaa kwa heshima ya diwani. Nikafunga fimbo katikati kwa kamba, upande mmoja nikaning'iniza mkasi, upande mwingine donge la risasi, fimbo ikalala sawa. Nikaongeza nati moja upande wa mkasi, ikawa sawa kabisa. Sasa mimi nimekua nikipakia punda. Punda mwenye mzigo wake, ukitaka kumwongezea debe, unashusha debe. Huwezi kumpakia lake na la jirani, atalala njiani. Nikajiambia boti hii ilitengenezwa kubeba uzito huu, mzungu aliliweka donge kwa sababu hakuwa na cha kubeba, mimi ninacho, basi donge lishuke, mkasi upande. Uzito ni uzito. Nilichomoa ulimi na donge lake, tundu nikaliziba kwa raba na gundi ya viraka vya baiskeli, mkasi nikaufunga juu ya boti kwa mpira, na kwenye pipa boti ikaelea vizuri, imetulia, nikaisukuma kwa kidole ikaenda na kurudi. Niliijaribu bila mlingoti, kwa sababu banda la ndama ni fupi. Nilifurahi mpaka nikamwita Mama Ester aje aone mkasi wake ukielea.

"Na upepo?" akauliza.

"Upepo ndio utaisukuma, mama."

"Haya," akasema, "ila mkasi huo ni wa marehemu mama yangu."

Mahali pa pili ni matanga. Kwenye picha yalikuwa yamelegea, yana tumbo. Mimi nimeona malori ya ngano yanavyofungwa turubai, turubai lililolegea linapigapiga na kuchanika kabla ya kufika Arusha, kwa hiyo niliyakaza. Nilikaza kamba mpaka ukizigusa zinalia. Zilikaza kiasi kwamba kile kijiti cha kulegeza hakikuweza kulegeza kitu, mota ndogo ilinguruma tu, nikaona afadhali, kitu kimoja kimepungua cha kushughulikia.

Siku yenyewe nilivaa koti langu la harusi. Watu walijaa kwenye tuta la lambo, akina mama upande mmoja wakiimba, vipaza sauti (nilivifunga mimi, bure) vikilia, diwani amesimama kwenye geti la kunyweshea mahali utepe ulipofungwa nguzo kwa nguzo. Nje ya utepe ule walikuwa ng'ombe. Gidamis na wenzake waliambiwa wawalete saa tatu ili wawe ng'ombe wa kwanza kunywa, diwani akafika saa saba, na muda wote huo ng'ombe wamesimama juani wakinusa maji yaliyo hatua kumi mbele ya pua zao. Gidamis alikuwa mbele yao na fimbo yake, anawapigia mluzi wa kuwatuliza, na nilipopita aliniambia kwa upole tu, "Fundi, hao hawamjui mgeni rasmi. Fanya upesi."

Nikaenda ng'ambo, hatua kama sitini za maji kati yangu na diwani. Mwenyekiti akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa teknolojia imefika kijijini. Nikavuta antena, nikaweka boti majini. Na kwa ukweli kabisa, ilikwenda. Mtu asije kusema haikwenda. Ilikwenda kama hatua ishirini, nyeupe, imenyooka, mkasi unang'aa, na akina mama wakapiga vigelegele, na kwa muda ule mfupi mimi nilikuwa mtu ambaye mke wake anarudi nyumbani.

Hapo nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga mawe. Mzee Akonaay. Basi lao lilichelewa, Paskalina akabaki kwenye tuta na wanawake, mzee akaambiwa mkwe wako yuko ng'ambo, akazunguka lambo lote kwa miguu yake ya miaka sabini ili anisalimie kwanza, kwa sababu yeye hawezi kutazama kazi ya mtu ambaye hajamsalimia. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

Sasa mnieleze nyinyi mnaonicheka, mngefanyaje. Nina rimoti mikononi, vidole gumba viwili viko kwenye vijiti viwili. Mkwe amenyoosha mkono. Kwetu mkono wa mkwe haupokelewi kwa kidole kimoja, unapokea kwa mkono wa kulia na wa kushoto unashika kiwiko, na unainama. Nikaweka rimoti kwenye nyasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Habari za hapa?"

"Nzuri, baba. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani salama. Mama yako mguu unamsumbua."

"Pole kwake. Ng'ombe wanaendeleaje?"

"Yule mwekundu amezaa."

"Dume au jike?"

"Jike."

Tulifika kwenye mahindi na mvua ndipo nikasikia vigelegele vimenyamaza. Nilipogeuka, upepo wa mlimani ulikuwa umeshuka, ule wa mchana ambao kila mtu Hanang anaujua isipokuwa mimi siku ile, na boti ilikuwa imelala ubavu na matanga yake juu ya maji, imetandazwa kama shuka iliyoanikwa. Haikuinuka. Donge ambalo lingeiinua lilikuwa nyumbani juu ya meza. Na juu yake hapakuwa na mkasi tena.

Kipaza sauti kikasema, "Fundi, mkasi uko wapi?" Kata nzima ikasikia.

Nikaingia majini. Sikuvua koti, sikufikiri, nilifikiria marehemu mama yake Mama Ester. Maji yalinifika kifuani, tope likachukua kiatu cha kushoto, kisha likaona halijatosha likachukua cha kulia. Mwenyekiti akatangaza kwamba mtu ameingia lamboni kabla ya uzinduzi, kinyume cha sheria, kana kwamba haoni kinachotafutwa. Nikapapasa kwa nyayo. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu.

Na hapa ndipo ninapokasirika hasa, hata ninapoandika. Gidamis, akiwa bado anawazuia ng'ombe kwa mgongo wake, alichomoa kisu kiunoni akamnyooshea diwani mpini. "Mheshimiwa, kata na hiki. Kina makali." Diwani akanyoosha mkono kukipokea. Naye ni mtu mwema, sina neno naye. Mwenyekiti akaingia katikati.

"Utaratibu ni mkasi," akasema.

"Ng'ombe hawatasubiri utaratibu," Gidamis akamwambia.

"Tutasubiri mkasi. Fundi anautafuta."

Basi tukasubiri. Mimi nakanyaga tope, diwani ameshika karatasi ya hotuba, Mwenyekiti ameshika utaratibu wake. Halafu nikapiga hatua, maji yakapiga chubwi, na nadhani ni sauti ile ya maji. Ng'ombe mmoja mweusi mwenye pembe pana akampita Gidamis kama mtu anavyopita mlango wa kwake, wenzake wakamfuata, utepe ukakatika bila mkasi wala kisu, na lambo letu likazinduliwa. Diwani alipona kwa kuruka majini, maji ya magotini tu. Hotuba ilinyewa na ndama. Yule mweusi alikunywa akiwa na kipande cha utepe kwenye pembe, anatingisha kichwa, na akina mama wakaanza kuimba tena kwa sababu, nadhani, waliona hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Gidamis hakuwarudisha. Mimi nisingewarudisha pia.

Mwenyekiti alishika kipaza sauti, kile nilichokifunga bure, akasema, "Ndugu wananchi, fundi wetu ametuharibia shughuli." Akasema mara mbili. Hakusema nani alikataa boti isijaribiwe lamboni. Hakusema nani aliwasimamisha ng'ombe juani tangu asubuhi, wala nani alikataa kisu. Nampa haki yake: boti niliifunga mimi, na donge nililitoa mimi. Lakini shughuli ilikuwa na waharibifu wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. Nilimwambia hivyo kesho yake. Akasema nina kiburi, akanipangia siku mbili za kuzibua mfereji wa lambo. Nilizibua. Mkasi niliupata siku ya pili, umeanza kutu, nikausugua mafuta nikamrudishia mwenyewe, na Mama Ester akaufungua na kuufunga mara kadhaa akiusikiliza.

Lakini jioni ile ya uzinduzi, koti likinidondosha maji, niliitwa na mkwe wangu pale kwenye tuta. Paskalina alikuwa amesimama nyuma yake na Debora mgongoni. Nilijua ninachokwenda kuambiwa.

"Kile kitu hakifai," Mzee Akonaay akasema. "Nimekiona. Kimelala kama mbuzi aliyekula mahindi mabichi."

"Ndiyo, baba."

"Ila nimeona jambo lingine. Kazi yako ilikuwa katikati ya maji na watu wote wanakutazama, mimi nikanyoosha mkono, ukaiacha. Ukauliza mpaka ng'ombe mwekundu amezaa nini. Vijana wa siku hizi wanakusalimia huku wameshapita. Kikao hakuna. Binti atabaki."

Akaondoka kwenda kutafuta gari la kurudi, na mimi nikabaki na mke wangu na mtoto wangu, na badala ya kufurahi nikaanza kuumwa moyo, kwa sababu liko jambo ambalo halimo katika maelezo ya mzee, wala katika maelezo niliyoandika hapo juu. Nimeandika kwamba nilipogeuka ndipo nikaona boti imelala. Si kweli yote. Kabla sijaweka rimoti kwenye nyasi, boti ilikuwa imeanza kuinama. Nilikuwa nimesukuma kijiti mpaka mwisho na haikusikia. Nilijua. Na mkono wa mkwe ulipokuja, sehemu moja ndani yangu, sijui ni kubwa kiasi gani, ilishukuru kupata sababu ya kuachia. Inawezekana ningeacha tu hata kama boti ingekuwa inakwenda vizuri. Inawezekana nisingeacha. Nimejiuliza mara nyingi na kila mara napata jibu tofauti.

Nilikaa nalo siku nne. Ya tano nikamwambia Paskalina, akiwa anapepeta maharage.

"Ilikuwa imeshaanza kulala," nikasema. "Kabla ya salamu. Baba yako amenisifu bure."

Hakuacha kupepeta. "Nilikuwa kwenye tuta, Baba Debora. Wewe ulikuwa unaiona kwa nyuma, mimi nilikuwa naiona kwa mbele. Nilijua kabla yako."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Ulikuwa umeshaaibika na unajua umeaibika, na bado ukainama ukamsalimia baba mpaka mwisho. Mimi hicho ndicho nilichokiona." Akapuliza makapi. "Baiskeli bado naitaka."

Baiskeli tulikuja kuipata, baada ya muda mrefu na redio nyingi. Boti iko kwenye sanduku lake, ulimi na donge vimerudi mahali pake, na sijaipeleka majini tena wala sitaipeleka. Nimejiwekea sheria moja, kwamba nikifungua kitu cha mtu na kukuta kipande ambacho sijui kazi yake, sitakitoa mpaka nijue, hata kama kinanizuia kufunga kifuniko. Sheria ya pili inamhusu Mwenyekiti. Majuzi alikuja tena, zahanati inazinduliwa, anafikiria utepe ukatwe kwa kitu cha umeme. Nilimpa kigoda, nikamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha nikamwambia amwone Gidamis, ana kisu.